Mkubwa Hakosolewi Mbele ya Mgeni

Jumatatu, 9 Machi

Nimefanya: nimetoa makochi sebuleni. Nimekwama: kochi kubwa liligoma kupita mlangoni mpaka tukang'oa mlango.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Kuna mama mmoja mtu mzima, amestaafu kwenye kampuni kubwa ya kompyuta, na mwanangu, anayefungua ofisi sebuleni kwangu, amemwomba awe anakuja kila Jumanne kumwelekeza yeye na wenzake. Kila sentensi yake ina "hatua kwa hatua," nami nimeshampa jina: Bi. Hatua. Leo amepita kuona tunavyohamia, akasema kila mfanyakazi awe na daftari, na kila jioni aandike mambo mawili, amefanya nini na amekwama wapi. Wakagawana madaftari, moja likabaki. Nikalichukua. Nani mfanyakazi kuliko mimi? Sebule yangu, chai yangu, umeme wangu, na wafanyakazi wawili kati ya watatu nimewazaa mwenyewe.

Nisipojisifu mimi, nani atanisifu? Nimeishia darasa la saba, nafuga kuku, nauza mayai. Baba yao alipofariki, watu walisema hawa nao wataishia kwenye trei za mayai. Leo kifungua mimba wangu ni mkurugenzi wa kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta. Mkurugenzi! Amekaa pale lilipokuwa kabati la vyombo. Kitinda mimba, binti yangu, amekaa dirishani. Kazi yake ni kukagua na kujaribu kazi za wenzake kabla hazijaenda kwa mteja. Wa tatu ni baba wa watu, ameajiriwa, ana ndevu mpaka kifuani, ukimsalimia leo anaitikia kesho. Huyo nimemwita Ndevu.

Mvua imeanza leo. Bati linapigwa kama ngoma.

Jumanne, 10 Machi

Nimefanya: chai. Ndevu peke yake birika zima. Nimekwama: hakuna.

Ijumaa, 13 Machi

Leo Mkurugenzi amenikalisha akanieleza kazi yenyewe, nami nimeielewa yote. Ni ya zahanati ya hapa mtaani. Mtoto akizaliwa anaandikishwa kwenye kompyuta. Siku yake ya chanjo ikikaribia, mashine inamtumia mama ujumbe kwenye simu: mlete fulani, siku fulani. Siku hiyo ikifika, muuguzi anafungua kompyuta, anaona majina ya walioitwa, anajua afungue dawa kiasi gani.

Zahanati inawajaribu mpaka mvua ziishe. Wakifaulu, zahanati zote za wilaya zitachukua programu hiyo hiyo. Wasipofaulu, kampuni inafungwa, na mwanangu anarudi barazani kutengeneza kompyuta mbovu za watu. "Mama, tukikosa hii hatuna nyingine," aliniambia. Nikamwambia, "Utakosaje wewe, niliyekunyonyesha miaka miwili na nusu?"

Nikatoka uani kulisha kuku ili nimpashe jirani kupitia ukutani. Jirani huyu binti yake alijifungua mapacha wa kiume Julai, basi mtaa mzima tunamwita Bibi Pacha. Binti anafanya kazi mbali, anakuja mwisho wa mwezi. Watoto wanalelewa na bibi, na namba ya simu iliyoandikwa zahanati ni yake.

"Jirani, achana na kuchungulia kalenda kila siku," nikamwambia. "Siku ya chanjo ya wajukuu ikifika, mashine ya mwanangu itakuita."

"Itaniita kwa jina?"

"Kwa jina la mjukuu!"

"Haya, Mama Mkurugenzi. Isije ikaniita usiku, nikadhani mchumba."

Ana mdomo huyu mwanamke. Lakini nilimwona amekubali.

Jumanne, 17 Machi

Bi. Hatua ameleta ubao mweupe na kuutundika pale ilipokuwa picha yangu ya harusi. Nimeichukua picha yangu, nimeondoka nayo. Akaanza somo. Kazi ifanywe kwa vipande vidogo. Kila kipande kikikamilika, mtu mwingine akisome na kukijaribu, tena akijaribu kwa ubaya, kama mtu anayetaka kiharibike, na akiridhika ndipo aweke jina lake. Ijumaa hakuna kupeleka kazi mpya kwa mteja, maana ikiharibika Jumamosi hakuna mtu. Na lalamiko lolote, hata la mtu asiyejua kompyuta inawashwa wapi, liandikwe ubaoni siku hiyo hiyo.

"Hata la kwangu?" nikauliza.

"La kwako hasa, mama. Wewe ndiye unayekaa na watu."

Basi nikamwambia lalamiko langu: picha yangu ya harusi iko uvunguni mwa kitanda. Akaliandika! Kwa kalamu nyekundu, juu kabisa! Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mkurugenzi hakucheka. Bi. Hatua alipoondoka, alisema, "Watu watatu, sheria za jeshi zima." Na kweli. Mtu anajua kazi yake, anachunguliwa begani kama anaiba.

Jumanne, 24 Machi

Leo sikupenda. Binti yangu amemrudishia kaka yake kazi. Si kwa kunong'ona. Aliandika ubaoni, Bi. Hatua anatazama, Ndevu anatazama: majina marefu yanakatwa, mtoto aliyezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari anaigandisha mashine, sijui na nini tena. Mkurugenzi akainama kwenye kompyuta yake. Bi. Hatua anasema, "Safi sana, hivyo hivyo." Safi nini?

Walipokwenda kula nilimvuta binti jikoni.

"Mwanangu, yule ni kaka yako. Amekubeba mgongoni."

"Mama, nakagua kazi, simkagui yeye."

"Kazi imetoka kichwani kwa nani?"

Akawa anakuna masizi ya sufuria kwa ukucha.

"Nyumba hii mkubwa hakosolewi mbele ya mgeni," nikamwambia. "Ndevu mgeni. Bi. Hatua mgeni. Ukiona kasoro, mfuate pembeni, kwa upole, akiwa ameshiba."

"Na asipokuwa na muda wa kwenda pembeni?"

"Utasubiri."

Nimewalea vizuri. Waulize majirani kama wamewahi kusikia wanangu wakirushiana maneno. Nimekwama: hakuna.

Jumanne, 31 Machi

Mvua siku nzima. Vifaranga wawili wamekufa kwa baridi. Ubaoni maandishi yamepungua, na amani imerudi ndani ya nyumba.

Jumanne, 7 Aprili

Mkuu wa zahanati amekuja mwenyewe na mabuti yake ya mvua, miwani imening'inia kwa kamba. Tunamwita Sista. Analalamika kwamba watoto wanaandikishwa mara mbili: mama akipoteza kadi anaandikishwa upya, anaitwa mara mbili, na dawa inafunguliwa nyingi kisha inamwagwa.

"Ijumaa utaletewa dawa ya hilo," mwanangu akamjibu bila hata kukuna kichwa.

"Ijumaa?" Bi. Hatua akauliza.

"Ijumaa."

Bi. Hatua aliutazama ubao. Mkurugenzi hakuutazama. Hivyo ndivyo mwanamume anavyofanya kazi.

Ijumaa, 10 Aprili

Sista alikuja mchana, nikamwandalia chakula. Nilitandika kitambaa cha meza ambacho nilikuwa sijakitandika tangu msiba wa baba yao. Mkurugenzi alieleza kazi yake wakati tunanawa, na nitaandika hapa alivyosema ili wajukuu wangu wasome. Mashine itapita orodha yote. Ikikuta mama yule yule na tarehe ile ile ya kuzaliwa, itajua huyo ni mtoto mmoja ameandikwa mara mbili. Itambakisha wa kwanza, wa pili itamfuta.

Nimeelewa kabla hajamaliza! Darasa la saba mimi! Nikamwambia Sista, "Unaona? Akili hiyo imetoka humu," nikajigonga tumbo. Sista akacheka.

Hapo binti yangu akaweka kijiko chini.

"Kaka, nimeipitia asubuhi. Kabla haijaenda, kuna watoto ambao itawa..."

"Wewe," nikasema. Sikupaza sauti. Sijawahi kupaza sauti mbele ya mgeni. "Mgeni anakula."

"Mama, ni jambo la dakika moja."

"Muongeze Sista mboga."

Sista akaangalia sahani yake, akaniangalia mimi, akasema kama kuna tatizo yeye anaweza kusubiri mpaka Jumatatu. Mkurugenzi akacheka. "Hakuna tatizo, Sista. Huyu mdogo wangu anakagua mpaka chumvi kwenye mboga." Tukacheka wote. Hata mimi. Ndevu hakucheka, lakini yule hacheki hata kwa kutekenywa.

Sista alipokuwa anavaa mabuti, Mkurugenzi alimwambia dada yake, "Weka jina lako, niipeleke."

"Hatujaongea, kaka."

"Tutaongea. Weka."

Binti akageuka kunitazama, nami nimesimama mlangoni na sinia. Nikampa jicho. Wanangu wanalijua jicho hilo. Nililitumia kanisani, nililitumia kwenye mazishi ya baba yao, halijawahi kuhitaji fimbo. Akaweka jina.

Baadaye nilimsikia akimuuliza Ndevu, "Na wewe uliona?" Ndevu akajibu, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Dada, mimi ni mtu wa mshahara. Ndugu wawili wakigombana, anayefukuzwa ni wa tatu."

Nimefanya: nimelinda heshima ya nyumba. Nimekwama: hakuna.

Jumatatu, 13 Aprili

Sista amepiga simu. Dawa haimwagwi tena. Nimechinja jogoo.

Jumanne, 14 Aprili

Binti alimfuata kaka yake pembeni, karibu na pipa la maji, kwa upole, akiwa ameshiba, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa bandani, nikasikia mwisho tu.

"Lile nimeshalishughulikia," kaka akasema.

"Naomba nilione."

"Huniamini?"

Binti akasema anamwamini. Basi, yameisha. Unaona raha ya kwenda pembeni?

Jumanne, 21 Aprili

Bibi Pacha amenisimamisha ukutani. Eti ujumbe ulikuja kweli, kwa jina la mjukuu wa kwanza, akawabeba wote wawili kwenda kuchanjwa surua. Wa kwanza akachanjwa. Wa pili wakamwambia jina lake halimo kwenye walioitwa, dawa imefunguliwa kwa hesabu, asubiri ujumbe wake.

"Watoto wa tumbo moja wanaitwaje siku mbili?" ananiuliza.

"Jirani, mashine haisahau. Subiri utaitwa."

Nilitaka kuingia kuwaambia wanangu, lakini Bibi Pacha amezoea kuona doa kwenye kila jambo langu. Nikaona nisiwape hasira bure.

Jumanne, 28 Aprili

Ameuliza tena. Nimemwambia asiwe na haraka, watoto ni wengi na mashine ina mpangilio wake. Mvua imevunja mfereji wa nyuma.

Jumanne, 5 Mei

Zahanati imemsifu Mkurugenzi kwenye kikao cha wilaya! Kwa jina! Nimewaambia wateja wangu wote wa mayai, na wasio wateja pia.

Bi. Hatua peke yake ndiye aliyekuja na uso wa mvua. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Ubao mweupe pe, isipokuwa lalamiko langu la picha, ambalo limekuwa kama utani wa ofisi.

"Mwezi mzima hakuna kasoro hata moja?" akauliza.

"Tumekomaa," Mkurugenzi akasema.

"Mimi ubao uliojaa haunitishi. Huu unanitisha."

Nilimpa chai isiyo na sukari kwa makusudi. Kuna watu, ukiwaletea mtoto mzuri watamtafuta chongo.

Jumanne, 12 Mei

Leo maandishi yatakuwa mabaya.

Asubuhi nilimwona Bibi Pacha kupitia ukutani, anamfunga mtoto mgongoni ampeleke zahanati na mvua ile ile. Mtoto ana vipele mpaka juu ya kope. Macho mekundu, yamegandana. Anakohoa kikohozi cha mtu mzima.

"Surua," akasema.

"Yupi?"

"Wa pili. Wa kwanza si alichanjwa?" Mwanamke yule, na mdomo wake wote, hakuongeza neno.

Nikaingia sebuleni. Sikuingia kwa hofu. Niliingia kama mtu mwenye habari za mtaa, nimebeba vikombe.

"Mjukuu wa jirani ana surua, maskini. Yule wa pili. Ujumbe wake haukuja."

Binti yangu alikuwa anaandika. Vidole vikasimama.

"Haukuja vipi?"

"Waliitwa kwa jina la wa kwanza. Wa pili akaambiwa hayumo, asubiri."

"Lini, Mama?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita? Na hukuandika ubaoni?"

"Niandike nini? Si unamjua jirani na maneno yake..."

Hakuwa ananisikia tena. Alikuwa ameshageuka.

"Kaka. Uliniambia umelishughulikia."

Mkurugenzi aliendelea kutazama kioo cha kompyuta yake.

"Kaka! Pacha! Mama mmoja, siku moja! Nilikwambia pale kwenye pipa, ukaniambia umelishughulikia!"

"Nilikuwa nalishughulikia," akasema. "Nilisubiri majaribio yaishe. Ningeligusa kabla, Sista angejua tulikosea."

Hapo ndipo nilipoelewa, mimi niliyeelewa kabla hajamaliza. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Naishi ukuta mmoja na mapacha. Nawasikia wakilia kwa zamu, akitulia huyu anaanza yule. Nawaita pacha kwa mdomo wangu kila siku. Na mezani nikajigonga tumbo.

Binti alifungua orodha ya zamani, ile ya kabla ya kufuta. Ndevu akavuta kiti chake mpaka kwake bila kuombwa. Yeye anasoma majina, binti anapiga simu. "Habari, mama, napiga kutoka zahanati. Yule mtoto wako wa pili, mlete kesho. Ndiyo, na yeye. Hapana, mama, kosa si lako." Akamaliza, akapiga nyingine. "Hapana, mama, kosa si lako." Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani mapacha wanaweza kuwa. Sauti yake ilikauka, akaendelea kwa kunong'ona. Wengine wote walikuwa bado wazima.

Mkurugenzi alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati na simu sikioni. Nilimwona kutoka jikoni. Hakuwa anaongea na mtu.

Nimefanya: nimeosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 14 Mei

Mtoto amelazwa. Nilipeleka uji. Bibi Pacha aliupokea, akauweka chini, akasema asante. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 16 Mei

Sista amekuja. Bi. Hatua pia, ingawa si Jumanne. Wakakaa kwenye viti vya ofisi, kiti kimoja kikawa kinalia kila Sista akipumua.

"Sikuja kugombana," Sista akasema. "Mimi mwenyewe niliiamini mashine kuliko kadi niliyoshikishwa mkononi, na hilo nitalijibu kwa wakubwa zangu. Nataka kujua tu, ilipitaje?"

Mwanangu alikuwa amevaa shati la kikao cha wilaya. Alisafisha koo.

"Sista, hapa tuna utaratibu. Kila kazi inakaguliwa na mtu wa pili. Hii ilikaguliwa na ikapitishwa." Akageuza kompyuta. Jina la dada yake lilikuwa pale, na tarehe, Ijumaa. "Hata mimi nimeumia. Lakini aliyepitisha ni yeye."

Nilisubiri binti aseme. Alikuwa na ya kusema, ya kutosha kuijaza nyumba. Hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Ningeijua hasira yake. Alikuwa anasubiri ruhusa. Mwanamke mzima, ana shahada, amekesha anatafuta watoto wa watu, anasubiri ruhusa yangu afungue mdomo, kwa sababu kuna mgeni.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai. Kikombe kikajaa, sahani ikajaa, chai ikamwagika kwenye goti la Sista, naye akasema, "Mama, mama, inatosha."

Ningeweza kusema. Sentensi moja tu. Nilisema, "Pole, nikuletee kitambaa," nikaenda jikoni.

Nikiwa huko nilimsikia Bi. Hatua. Aliongea taratibu, si kwa ukali. "Kosa ni langu pia. Niliwafundisha kukagua. Sikuuliza kama humu ndani inaruhusiwa."

Sista alisema zahanati haitaendelea na kampuni hii. Kitambaa nilikuwa nimekikamua mkononi mpaka kimekauka.

Jumatano, 20 Mei

Binti ameondoka. Amepata kazi kwenye kampuni nyingine, mji mwingine. Bi. Hatua ndiye aliyemwombea.

"Hukufukuzwa," nikamwambia. Alikuwa anakunja nyaya.

"Najua, Mama."

"Siku ile ungesema tu."

"Ungenipa jicho."

Ni kweli. Hata wakati ananiambia, jicho lilikuwa linakuja lenyewe.

"Huko unakokwenda," nikasema, "ukimkosoa mkubwa wako hawatakuona huna adabu?"

"Wameniuliza kwenye usaili kama naweza. Nikasema nitajifunza."

Kabla hajatoka aliingia chumbani kwangu, akapiga magoti, akaivuta picha ya harusi kutoka uvunguni. Akaipangusa kwa mkono wa gauni. Akaushusha ubao, akaitundika picha kwenye msumari wake. Kisha, ubao ukiwa umeegemea ukuta, akachukua ile kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye lalamiko langu na kuandika pembeni: limekwisha, na tarehe ya leo.

Alinibusu mkono. Mpaka leo ana adabu. Hilo ndilo linalonikereketa.

Jumatatu, 25 Mei

Mkurugenzi hali chakula. Nimemwita Mkurugenzi kwa mazoea.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua zinakata. Ndevu alikuja kuchukua kikombe chake. Akaniambia, "Mama, chai yako nzuri," akasimama kidogo kama ana lingine, akaenda zake. Makochi yamerudi sebuleni. Safari hii hayakugoma mlangoni.

Mtoto wa jirani ametolewa hospitali. Sijaenda.

Jumatano, 3 Juni

Nimekwenda. Mwanangu alisema tuongozane tukatoe pole, nikachukua trei ya mayai, nikajifunga kanga mpya kama mtu anayekwenda kuposa. Jua lilikuwa kali, matope yameshakuwa vumbi.

Bibi Pacha alitukaribisha mkekani. Mtoto wa kwanza alikuja kwa kutambaa moja kwa moja kwenye mayai, tukamzuia. Wa pili alikuwa ametugeuzia mgongo, amekonda, pamba sikioni, anachezea kifuniko cha sufuria.

"Bibi, pole sana," mwanangu akaanza. "Siku zile mtandao ulikuwa unasumbua. Ujumbe wa huyu ukapotea njiani. Ni mambo ya mitambo."

"Mtandao," akasema Bibi Pacha.

"Ndiyo, bibi. Mvua zile."

Nilimtazama kifungua mimba wangu. Sauti yake ni ya baba yake, tulivu, inayokufanya uamini. Nimeisifu sauti hiyo kila mahali.

"Muongo," nikasema.

"Mama."

"Muongo. Hakuna mtandao. Alimfuta mtoto, alidhani mama mmoja hazai wawili kwa siku. Mdogo wake aliona. Mimi nikamfunga mdomo mezani kwangu, na siku alipotwikwa yeye kosa nikamimina chai. Na wewe, jirani, umeniuliza ukutani mara mbili, nikakwambia subiri."

"Mama, mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Alinyanyuka, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaondoka. Nilisikia geti. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sikujisikia chochote.

Bibi Pacha alimwondoa mjukuu wa kwanza kwenye trei kwa mara nyingine.

"Ungeyasema hayo Aprili," akasema.

"Ndiyo."

"Mwite."

"Nani?"

"Huyo. Si ulisema ataitwa kwa jina? Mwite."

Nikamwita. Nikasogea, nikamwita kwa nguvu zaidi. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Pacha wake akageuka na kucheka. Kuku wangu upande wa pili wa ukuta wakanyamaza. Yeye aliendelea na kifuniko chake, anakigeuza huku, anakigeuza kule, anatafuta uso wake ndani.

"Daktari anasema tusubiri," Bibi Pacha akasema.

Nimefanya: nimemwita. Nimekwama: hapo.